Mashine ya Laminesheni: Tazama Kazi Kabla ya Bei



Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Shambani methali hiyo ina haki yake: jembe lenye makali hulima, na anayeshinda sokoni akipima mipini pengine anaikimbia kazi. Lakini juu ya meza ya ofisi, ya saiba na ya mwalimu iko zana ambayo asiyeichagua vizuri ndiye itakayemtesa, nayo ni mashine ya laminesheni. Ile inayoilaza karatasi baina ya plastiki mbili, ikaipitisha motoni, ikatoka ngumu, inang'aa, wala maji hayaingii.

Mjini kwetu Mombasa mashine hii haina likizo. Ingia mkahawani Mji wa Kale uagize mahamri na mbaazi. Orodha ya bei utakayoletewa imetiwa plastiki, na lau haikutiwa ingekuwa imelowa mchuzi zamani. Ingia msikitini, utakuta nyakati za swala zimebandikwa ukutani kwa mtindo huo huo. Kitambulisho kinachoning'inia shingoni mwa mfanyakazi, bei za fotokopi dirishani, ratiba ya madrasa, herufi za watoto wa chekechea, vyote hivyo vimepita kwenye rola. Na shule zikifunguliwa Januari, mwenye mashine nzuri hana muda wa kunywa kahawa.

Basi kila mwaka wako wanaotaka kununua. Kijana anafungua saiba Tudor, karibu na chuo kikuu. Mwalimu wa chekechea Kibokoni amechoka kuchora chati ile ile kila muhula. Bwana mwenye duka la vitabu amegundua kwamba wateja wakitoka kwake huenda kulamineti kwa jirani. Wote huingia dukani na swali moja: mashine gani nzuri, na ni pesa ngapi?

Mimi naona swali hilo limewekwa kichwa chini miguu juu. La kwanza ni hili: nitaitia nini, ngapi kwa siku, na nani atakayekaa nayo? Ukilijibu hilo, mashine karibu inajichagua yenyewe. Usipolijibu, utanunua ya bei ndogo kisha uilipie kidogo kidogo kwa mifuko iliyoharibika, kwa muda uliopotea na kwa wateja waliokasirika.

Tuanze na kilichomo ndani, maana anayejua kazi ya kitu hadanganywi na rangi yake. Ndani ya lile sanduku mna vyuma vinavyopata moto, rola za mpira zinazozunguka kwa jozi, na mota ndogo ya kuzizungusha. Kwisha. Ujanja wote uko kwenye mfuko wenyewe, ile plastiki ya kurasa mbili iliyoshikana ukingo mmoja. Kila ukurasa una tabaka mbili: nje poliesta ngumu, ndani gundi iliyokauka. Moto huiyeyusha gundi, rola huikandamiza karatasi, na gundi ikipoa imeshika. Kwa hiyo ubora wa mashine ni mambo matatu tu: moto ulio sawa kutoka ukingo hadi ukingo, mkandamizo ulio sawa, na mwendo usiobadilika. Taa za buluu na sanduku la kupendeza havimo katika hesabu hiyo.

Sasa ukubwa. Mashine ndogo za mezani kwa kawaida huja kwa vipimo viwili: za A4 na za A3. Ya A4 hupitisha karatasi ya kawaida ya barua, yenye upana wa milimita 210, pamoja na chochote kilicho kidogo kuliko hiyo. Ya A3 hupitisha mara mbili yake. Ukiona modeli imeandikwa 320 au 330, mara nyingi hiyo namba ni upana wa mdomo kwa milimita, yaani hiyo ni ya A3. 230 ni ya A4. Ya A3 hufanya kazi zote za A4, lakini ya A4 haiwezi hata siku moja kufanya kazi ya A3. Mteja akija na chati ya ukutani au ramani ya jengo, mwenye ya A4 atamuonyesha duka la jirani kwa kidole. Kwa biashara, ushauri wangu hauna kona: nunua A3. Kwa darasa moja la watoto wadogo wanaotumia kadi za kushika mkononi, A4 yatosha, na pesa itakayobaki inunue mifuko.

Unene nao una hila yake. Mifuko hupimwa kwa mikroni, na mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Ya 80 ni myepesi, yafaa tangazo litakalokaa ukutani bila kushikwashikwa. Ya 125 ndiyo ya kazi za kila siku. Ya 175 na 250 ni migumu, hiyo ya vitambulisho na ya orodha za mikahawa, zile zinazofutwa kwa kitambaa mara kumi kwa siku. Hila yenyewe ni kwamba ziko pakiti zinazoandika unene wa upande mmoja, na ziko zinazojumlisha pande zote mbili. Pakiti moja ikiandikwa 250 na nyingine 125, huenda zote mbili ni kitu kimoja. Muulize muuzaji, na akibabaika, shika mfuko mmoja wa kila pakiti kwa vidole vyako uzilinganishe.

Kisha tazama mashine yenyewe inaruhusu unene gani, maana hilo huandikwa kwenye boksi au kwenye kijitabu chake. Mashine iliyotengenezewa mikroni 125 ukiilazimisha kula 250, moto wake hauifikii gundi yote. Karatasi itatoka, mteja atalipa, ataondoka ameridhika, na baada ya wiki mbili atarudi na kitambulisho kilichofunguka midomo.

Tuje kwenye rola na mwendo, na hapa naomba wenye shule watege masikio. Mashine za bei ya chini huwa na rola mbili. Zilizo bora zina nne, nyingine sita. Jozi ya kwanza hupasha moto na kukandamiza, inayofuata huvuta na kunyoosha. Ndiyo maana karatasi ya mashine ya rola nne hutoka imenyooka, na ya rola mbili mara nyingine hutoka imepinda, ukawa huna budi kuilalia kitabu kizito ingali na moto.

Mwendo hupimwa kwa milimita kwa dakika. Iko mashine inayokwenda milimita 250 kwa dakika. Mfuko wa A4 una urefu wa milimita kama 303, kwa hiyo kila karatasi itachukua sekunde zipatazo 73. Kwa karatasi tano hiyo si kitu. Lakini chukua darasa la watoto 40, kila mmoja atengenezewe karatasi tano za kadi. Hizo ni 200, na kwa mwendo huo mwalimu atasimama pale saa nne na zaidi, tena kabla hujahesabu muda wa kuipumzisha mashine, maana nyingi ndogo hazitaki kufanya kazi mfululizo. Mashine ya milimita 500 kwa dakika itaimaliza kazi hiyo kwa saa mbili hivi. Saa mbili za mwalimu ni mali, ingawa haziandikwi kwenye risiti ya duka.

Halafu moto. Mashine rahisi ina vituo viwili vya moto, kimoja cha mifuko myepesi na kimoja cha mizito. Iliyo bora ina kirungu au vitufe vya kupandisha na kushusha moto kidogo kidogo, kwa kawaida baina ya nyuzi 100 na 160 za Selsiasi au karibu na hapo. Kwa saiba, hilo la pili ndilo la kununua, kwa sababu mifuko utakayoipata Mombasa haitakuwa ya kampuni moja mwaka mzima. Wiki hii duka lina hii, mwezi ujao lina ile, na kila moja ina moto wake. Asiye na namna ya kurekebisha moto amefungwa mikono.

Tafuta pia mashine yenye kazi ya baridi, yaani inayozungusha rola bila moto. Kwanza, iko plastiki ya kubandika yenye gundi inayoshika kwa kukandamizwa tu. Pili, ziko karatasi zisizovumilia moto kabisa. Risiti za mashine za kodi na za maduka makubwa zimechapwa kwenye karatasi inayogeuka nyeusi ikipata joto. Joto ndilo wino wake. Picha ya ultrasaundi anayopewa mama mjamzito hospitalini mara nyingi imechapwa kwa namna hiyo hiyo. Mama huja saiba kwa furaha, anataka kuihifadhi picha ya kwanza ya mwanawe, na kijana asiyejua huipitisha motoni. Hutoka kipande cheusi. Kwa picha ile, piga fotokopi au iskani kwanza, kisha ulamineti nakala.

Sasa tuzungumze mambo ya kwetu, ambayo hayakuandikwa kwenye kijitabu kilichokuja na boksi. Kisiwa chetu kina unyevu. Nyumba za Mji wa Kale zimejengwa kwa matumbawe na chokaa, kuta zake hupumua maji, na msimu wa mvua karatasi iliyoachwa mezani usiku kucha huamka ikiwa laini. Karatasi yenye unyevu ikiingia baina ya plastiki mbili na kupata moto, yale maji yanageuka mvuke, na mvuke hauna pa kutokea. Ndipo unapoona malengelenge. Watu wengi hulaumu mashine, wengine hubadilisha mashine, na kumbe mwenye makosa ni karatasi.

Dawa yake haina gharama. Weka mifuko na karatasi ndani ya ndoo au kontena lenye mfuniko unaoshika, pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vya kukausha vinavyokuja na viatu na mabegi. Karatasi iliyotoka kwenye printa ya wino wa maji iache ikauke kabisa, hasa ikiwa imejaa rangi. Na mashine usiiweke mlangoni mkabala na upepo wa bahari. Chumvi huingia ndani, hula springi na meno ya gia, na siku moja rola moja inazunguka nyingine imesimama. Jioni ikishapoa ifunike kwa kitambaa.

Stima nayo ina neno. Kwetu ni volti 240, plagi ya pini tatu bapa. Mashine inayoletwa na ndugu kutoka Dubai au Maskati kwa kawaida haina shida, maana kule plagi na nguvu ya stima ni kama zetu. Lakini zawadi ya ndugu aliyeko Marekani itazame mara mbili, kwa kuwa kule stima ya nyumbani ni volti 120, na mashine isiyoandikwa 240 itaungua siku ya kwanza. Matumizi yenyewe hayatishi. Mashine ya wati 600 ikiwaka saa nzima haizidi nusu uniti na kitu. Kinachotisha ni stima kukatika karatasi ikiwa ndani. Rola zinasimama, moto ungalipo, na plastiki inaanza kung'ang'ania rola.

Ndiyo maana sinunui wala simshauri mtu anunue mashine isiyo na kitufe cha kurudisha nyuma, au angalau wenzo wa kuziachia rola ili karatasi ivutwe kwa mkono. Mashine nyingi za bei ya chini hazina lolote katika hayo mawili, na karatasi ikikwama dawa yake ni bisibisi. Mwenye saiba atakayefungua mashine mbele ya mteja, huku cheti cha mteja kiko ndani kinanuka, hatasahau neno hili.

Nikiwa hapo hapo, tahadhari ya usalama. Rola hazijui tofauti ya karatasi na nguo. Ncha ya mtandio, tai ya mwanafunzi, kamba ya kitambulisho, zote hizo huvutwa. Anayeitumia ajifunge vizuri, na kwenye chekechea mashine ikae ofisini, mbali na darasa.

Haya, umeshaamua unataka nini. Twende dukani, na hapa nitakuomba uwe mtu mzito kidogo. Usikubali kuuziwa boksi lililofungwa. Chukua karatasi zako mwenyewe kutoka nyumbani: moja ya maandishi matupu, moja iliyojaa rangi, picha ndogo ya pasipoti, na kama ni mashine ya A3, chati kubwa moja. Nunua mifuko michache au uende nayo. Mwambie muuzaji achomeke mashine, na wewe utazame saa kwenye simu. Dakika tatu hadi tano za kupata moto ni kawaida kwa mashine nyingi. Ikifika dakika kumi taa bado haijaonyesha iko tayari, mshukuru muuzaji uondoke.

Weka karatasi ndani ya mfuko, uhakikishe imebakia nafasi ya kama milimita tatu kila upande, maana ile plastiki kwa plastiki ya pembezoni ndiyo kufuli. Tanguliza ule ukingo ulioshikana, ingiza iliyonyooka, na usiisukume. Rola zikishaishika, ziachie zenyewe. Kisha usitazame mdomo wa kuingilia, tazama wa kutokea. Karatasi ikitoka na ukungu, kama kioo kilichopumuliwa, moto ni mdogo au mwendo ni wa haraka kwa unene ule. Ikitoka na mawimbi, moto umezidi. Ikiwa upande wa kulia uko angavu na wa kushoto una ukungu, mashine haina moto ulio sawa, na hakuna kitufe kitakachokutibia ugonjwa huo. Iache ipoe, kisha jaribu kuifungua kona kwa ukucha. Ikifunguka, imekwisha habari yake.

Usiridhike na karatasi ya kwanza. Pitisha ya pili, ya tatu, hata ya sita, bila kupumzika. Mashine dhaifu hutoa ya kwanza nzuri kuliko zote, kisha kila karatasi inayopita inaondoka na sehemu ya moto, na ya sita inatoka na ukungu. Karatasi ikiwa katikati, bonyeza kitufe cha kurudisha nyuma uone kama inarudi kweli. Mwisho uliza maswali matatu: ikiharibika naileta wapi, rola na gia zake zapatikana, na dhamana imeandikwa wapi? Dhamana ya mdomo huishia mlangoni.

Kwa walimu wakuu na kamati za shule, nyinyi hutafuta kwotesheni kwanza. Vyema, lakini msiandike tu "laminator moja". Andikeni upana, idadi ya rola, unene wa mwisho inaoukubali, moto unaorekebishika, kitufe cha kurudisha nyuma, na dhamana ya maandishi. Msipoandika, atakayeshinda ni mwenye mashine dhaifu kuliko zote, kwa sababu ndiye mwenye bei ndogo kuliko wote.

Tupige hesabu kidogo, maana mali bila daftari huisha bila habari. Tuseme kwa mfano tu kwamba pakiti ya mifuko 100 umeinunua kwa shilingi 1,500, na kila karatasi watoza shilingi 50. Zikitoka zote salama umeingiza 5,000, ukitoa mifuko umebakiwa na 3,500 za kodi, stima, kijana na faida yako. Sasa mashine ikiharibu kumi katika mia, umeingiza 4,500, umebakiwa na 3,000. Shilingi 500 zimekwenda, tena hatujahesabu karatasi na wino wa kuchapa upya. Ukimaliza pakiti moja kila wiki, kwa mwaka ni shilingi 26,000. Chukua namba hiyo, iweke kando ya tofauti ya bei ya zile mashine mbili ulizokuwa ukizisitasitia dukani, kisha uniambie ipi ndiyo ya bei ndogo.

Nimesema mengi juu ya kutia plastiki. Sasa niseme juu ya kutotia.

Walimu wa chekechea, tangu mtaala wa umilisi uingie madarasani mwaka 2019, mmekuwa mkitengeneza vifaa vingi kwa mikono yenu, na laminesheni imewaokoa na kazi ya kurudiarudia. Lakini kumbukeni kwamba mpango wa Madrasa wa elimu ya chekechea, ulioanzia hapa Mombasa miaka ya 1980 kwa msaada wa Aga Khan Foundation, na Bi Swafiya Said akiwa mstari wa mbele, ulijenga sifa yake kwa vifaa vya kienyeji: vifuu, mbegu, kombe za pwani, vitambaa. Mtoto anayehesabu kombe halisi amejifunza zaidi ya anayetazama picha ya kombe iliyotiwa plastiki. Tieni plastiki kile kitakachoshikwa na mikono mingi kwa muda mrefu. Tangazo la mkutano wa wazazi wa Ijumaa libandikeni hivyo hivyo. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tarehe 28 Agosti 2017, na ingawa laminesheni haikuguswa, karatasi iliyokwisha kushikamana na plastiki haiwezi tena kuwa karatasi. Ikitupwa, inatupwa kabisa.

La mwisho ndilo zito kuliko yote. Msilamineti hati za asili. Cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa, hati ya kiwanja, cheti cha mtihani, waraka wa wakfu alioacha babu. Kwanza, ofisi ikitaka kugonga muhuri nyuma yake, muhuri haushiki juu ya plastiki. Pili, muhuri wa kuchomoza unaopapaswa kwa kidole hulazwa na rola ukapotea, na anayekagua uhalali wa karatasi hana pa kugusa. Tatu, kazi hii haina kurudi. Gundi imeingia ndani ya nyuzi za karatasi, na anayejaribu kuibandua atachana.

Hata mabingwa waliteleza hapo. Huko Marekani, miaka ya 1930, mkarabati wa nyaraka William Barrow wa Virginia alitengeneza mashine ya rola za moto ya kulamineti hati kongwe, na hifadhi kubwa zikaukubali mtindo huo. Baadaye ikaonekana kwamba plastiki ya namna ile huchakaa pamoja na karatasi iliyomo, na asidi iliyofungiwa ndani huendelea kula. Leo watunza nyaraka hawalamineti tena hati za asili. Huziweka ndani ya poliesta safi isiyo na gundi, iliyofungwa pembezoni tu, ili siku yoyote iweze kufunguliwa.

Na sisi watu wa Mombasa tuna ushahidi wetu juu ya thamani ya nakala. Muyaka bin Haji, mshairi wetu mkubwa wa mwanzo wa karne ya 19, hakuchapishiwa kitabu akiwa hai. Mashairi yake yametufikia kwa sababu Mwalimu Sikujua aliyakusanya na kuyaandika pamoja na mmishonari W. E. Taylor, na mwaka 1940 William Hichens akayatoa kitabuni. Kilichoyaokoa ni kunakiliwa. Basi ukiwa nyumbani na karatasi kongwe yenye hati za Kiarabu, ipige picha, itoe fotokopi, nakala hiyo uilamineti upendavyo uitundike sebuleni. Ya asili iweke kwenye bahasha kavu, na ukihitaji ushauri, wako wataalamu wa Makumbusho pale Fort Jesus.

Na nyinyi vijana wa saiba, mteja akikuleteeni cheti cha asili, msikimbilie shilingi 50. Mwambieni kwanza, "Mama, hii tukiitia plastiki haitoki tena. Nikupigie nakala ya rangi?" Mtapata pesa ya nakala na pesa ya laminesheni, na yule mama hatakuja kuwalilia siku ubalozi utakapoikataa karatasi yake.

Hukumu yangu basi ni hii. Mwalimu wa darasa moja: mashine ya A4, mifuko ya mikroni 125. Saiba, ofisi au shule nzima: A3, rola nne, moto unaorekebishika, kazi ya baridi, na kitufe cha kurudisha nyuma ambacho umekijaribu kwa kidole chako. Mwenye matbaa anayefunika majalada ya vitabu kwa mamia, huyo mashine hizi za mezani si zake. Atafute ya plastiki ya roli. Ukienda dukani wiki hii, chukua karatasi zako mwenyewe, na usitoe hata shilingi mpaka karatasi ya sita itoke angavu mbele ya macho yako.